Tom Mboya: Kijana wa Rusinga na bili tunayoendelea kulipa

Kama unaishi Nairobi, kuna uwezekano mkubwa jina lake limekutoka mdomoni wiki hii bila wewe kufikiria. Umemwambia makanga akushukishe Tom Mboya. Ama umempigia rafiki simu ukamwambia unamngoja pale Tom Mboya, aharakishe, kuna jua. Barabara imejaa watu, mitumba na honi za matatu, na mkono wako uko juu ya mfuko wa simu. Lakini mtu mwenyewe aliyebeba hilo jina, unamjua?

Hatua chache kutoka hapo, kwenye Moi Avenue, kuna sanamu yake. Ilizinduliwa Oktoba 2011, karibu na mahali alipopigwa risasi mchana wa Jumamosi, Julai 5, 1969. Alikuwa na miaka 38.

Ishike hiyo tarehe. Julai 5, 2024, miaka 55 kamili baadaye, Rais William Ruto alisimama mbele ya taifa na kuahidi kukaza mshipi. Vijana walikuwa wameingia Bungeni siku kumi tu kabla, na Mswada wa Fedha ulikuwa umetupwa. Siku hiyo tuliahidiwa kwamba mashirika 47 ya serikali yatavunjwa, washauri watapunguzwa kwa nusu, magari mapya ya serikali hayatanunuliwa kwa miezi 12, na ofisi za wake wa wakubwa hazitapata bajeti. Sidhani aliyepanga tarehe hiyo alimkumbuka Mboya. Mimi nilimkumbuka, na ndio maana nataka tuketi chini nikusimulie maisha yake. Ukiyaelewa, hutasikiliza ahadi ya kupunguza matumizi vile ulikuwa unasikiliza zamani.

Tuanze nyumbani kwao. Rusinga ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay, ng'ambo tu ya Mbita. Siku hizi unavuka kwa daraja. Enzi za Mboya, Homa Bay na Migori hazikuwa kaunti mbili. Zote zilikuwa ndani ya wilaya moja iliyoitwa South Nyanza. Wazazi wake walitoka huko Rusinga lakini yeye alizaliwa mbali, Agosti 15, 1930, Kilima Mbogo karibu na Thika, kwa sababu baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa ameenda kutafuta kazi kwenye shamba la mkonge la mzungu. Kwa hivyo kabla hata ya kuwa mwanasiasa, Mboya alikuwa mtoto wa kibarua aliyehama kutafuta riziki. Hiyo hadithi unaijua. Pengine ni ya kwenu pia.

Alisoma Kabaa, huko Ukambani, akaenda Yala, kisha Mang'u. Halafu karo ikakwama. Baba alikuwa na watoto wengine wa kusomesha na mshahara wa shambani haukutosha. Kijana akaacha masomo ya sekondari na kutafuta kozi ambayo haingemgharimu. Akaipata: mafunzo ya ukaguzi wa afya, kazi ya kuwa bwana afya.

Hapo mimi hutulia kidogo. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu hiyo hiyo, karo iliisha na haikurudi. Sijilinganishi na Mboya, usinicheke. Nasema tu kwamba mtu akikuambia ukikosa cheti umekwisha, mkumbushe kuna mmoja aliyeandika mpango wa uchumi wa Kenya bila kuwa na digrii.

Alipomaliza mafunzo, aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Wakaguzi wazungu walifanya kazi ile ile na kulipwa mara kadhaa zaidi ya Mwafrika. Mboya mwenyewe alisimulia baadaye jinsi mwanamke mzungu alivyoingia ofisini kwake na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamtazama, kisha akauliza kama kuna mtu. Yaani yeye amesimama pale, lakini hahesabiki.

Alichofanya na hasira hiyo ndicho kilichomtofautisha na wengine. Hakuishia kulalamika. Aliwakusanya wafanyakazi wa baraza wakawa chama, na kufikia 1953 alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Alikuwa na miaka 23. Wakati huo kulikuwa na Hali ya Hatari, chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku, na viongozi walikuwa jela ama kizuizini. Vyama vya wafanyakazi vikawa karibu mlango pekee uliobaki wazi kwa Mwafrika kusema.

Machi 1955, makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya akashuka pwani kujadiliana kwa niaba yao, na mwishowe wakapata nyongeza ya mshahara ya karibu theluthi moja. Kwa kuli anayebeba magunia hiyo si hotuba. Ni unga, ni kodi ya nyumba. Tafakari kidogo kuhusu kazi ya kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Mwanachama anakutolea shilingi kutoka kwa mshahara mdogo, na mwisho wa mwezi anataka kuona kazi ya hiyo shilingi. Mboya alianzia siasa hapo, mbele ya watu waliojua hesabu ya pesa yao.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Alisoma mwaka mmoja chuo cha Ruskin, Oxford. Machi 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, alishinda kiti cha Nairobi kwa kumbwaga wakili maarufu, Argwings-Kodhek. Fikiria hilo: Mjaluo wa Rusinga anachaguliwa katikati ya jiji na watu wa kila kabila. Desemba 1958 akawa mwenyekiti wa mkutano mkubwa wa Waafrika wote huko Accra, Ghana. Alikuwa na miaka 28.

Halafu kukaja ndege.

Wengi wetu tumeisikia hadithi hii nusu nusu. Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kusomesha Waafrika vyuo vikuu. Mboya akazunguka Marekani akiomba nafasi za masomo, na vyuo vikakubali. Shida ilikuwa nauli. Watu kama Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walisaidia kuchangisha. Huku nyumbani familia zikauza mifugo na vijiji vikachanga. Septemba 1959, wanafunzi 81 wakapanda ndege. Mwaka uliofuata, Mboya alikutana na Seneta John F. Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 kulipia safari ya kundi la pili. Katika kundi hilo la 1960 alikuwemo msichana kutoka Nyeri aitwaye Wangari, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Profesa Wangari Maathai. Kufikia 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepitia mpango huo.

Nimekueleza haya kwa sababu ya hesabu yake. Pesa zile zilikuwa za watu wengine, na matunda yake yanahesabika kwa vichwa, mtu kwa mtu. Walimu, madaktari, wahandisi, makatibu wa wizara. Serikali mpya ilipoundwa, viti vingi vilikaliwa na watu waliopanda ndege hizo.

Sitaki nikuuzie malaika. Mboya alisemwa sana kuhusu pesa za Wamarekani. Vyama vya wafanyakazi vya Marekani vilimsaidia kujenga Solidarity House, makao ya vyama vya wafanyakazi Nairobi, na wapinzani wake walisema mtu akikulipia nyumba, atakuchagulia pia rangi. Halikuwa swali la kijinga. Ni swali ambalo kila anayepokea pesa za watu anafaa kuulizwa.

Uhuru ulipokuja, alikuwa Katibu Mkuu wa KANU. Alishika Wizara ya Leba, kisha Sheria na Katiba, halafu kuanzia 1964 Wizara ya Mipango ya Uchumi. Ni hapo alipoandika kitu kilichonifanya nimtafute. Kinaitwa Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na jinsi ya kuutumia katika kupanga Kenya. Jina linachosha, najua. Lakini karibu kila ugomvi wa pesa unaousikia leo kwenye habari, mbegu yake imo humo.

Waraka uliahidi usawa, haki, na nchi isiyo na umaskini, ujinga wala magonjwa. Hizo ni ahadi ambazo kila mtu hutoa. Lakini uliweka pia kanuni ngumu kuhusu pesa ya umma. Ulisema serikali ikitumia pesa zake chache kununua kampuni iliyopo tayari, nchi haijapata mali mpya. Kimebadilika tu ni jina la mwenyewe. Shule na hospitali ambayo ingejengwa kwa pesa hizo haitajengwa. Ukasema pia kwamba kampuni ikichukuliwa na serikali, lazima ijilipie gharama zake na ipate faida, angalau sawa na kodi iliyokuwa ikilipwa ilipokuwa mikononi mwa watu binafsi.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho polepole. Mwaka ni 1965. Hakuna shirika la serikali linaloruhusiwa kuwa kupe.

Hata suala la mashamba ya wazungu liliguswa. Unajua walivyoondoka? Hawakuacha mashamba bure. Katika ule mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962, Kenya ilikopa, nyingi ya pesa hizo zikitoka Uingereza, ili kuwalipa walowezi bei ya soko. Mkulima Mwafrika akapewa kipande pamoja na deni la kulipa. Ukiniuliza mimi, huo ndio uokoaji wa kwanza wa matajiri katika historia yetu: aliyechukua ardhi akalipwa, aliyenyang'anywa akaandikiwa mkopo. Waraka wa Mboya ulionya kwamba kama pesa ni zetu wenyewe, ni afadhali ziende kuendeleza maeneo ya Waafrika kuliko kuendelea kununua mashamba ya wazungu.

Lakini waraka huo huo ulikuwa na sumu. Ulisema uwekezaji uende kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, kwa matumaini kwamba faida itasambaa baadaye. Kwengine kungengoja. Kaskazini kulingoja miongo mizima. Sehemu kubwa ya ufuo wa ziwa pia ilingoja, hata kisiwa alichotoka mwandishi. Mwaka ule ule wa 1965, mwanauchumi mmoja kijana aliyetoka upande wa Kendu Bay, Homa Bay hiyo hiyo, alichapisha makala ya kuukosoa waraka, akiuliza kama kweli ulikuwa ujamaa na nani angefaidika. Aliitwa Barack Obama, baba ya yule aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Mboya alikuwa amemsaidia katika safari yake ya masomo. Nalipenda jambo hilo. Mtu amekusaidia, na bado unasoma karatasi yake kwa kalamu nyekundu.

Kisiasa pia Mboya alichafua mikono. Machi 1966, kule Limuru, alikuwa fundi mkuu wa mkutano wa KANU uliomwondolea Jaramogi Oginga Odinga cheo chake cha naibu wa rais wa chama. Odinga akatoka na kuunda KPU. Mboya alishinda siku hiyo. Lakini mashine aliyosaidia kuunda ya kubana wapinzani haikuwa na rafiki. Mwaka 1968 katiba ilipofanyiwa marekebisho kuhusu nani atamrithi Rais Kenyatta na awe na umri gani, wengi waliona wazi kwamba mlango ulikuwa unapimwa upana usimtoshe yeye.

Mwaka uliofuata alitoka duka la dawa kwenye Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, na risasi zikamkuta mlangoni. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa na kunyongwa mwaka huo huo. Swali la nani alimtuma halijawahi kujibiwa. Misa yake Nairobi iliishia kwa vitoa machozi. Mwili ukasafirishwa hadi Rusinga, umati ukiusindikiza njiani. Oktoba, watu wakapigwa risasi Kisumu wakati wa ziara ya Rais, na KPU ikapigwa marufuku. Tangu siku hizo, siasa za Kenya zikaanza kuuliza kwanza unatoka wapi, ndipo ziulize umefanya nini na pesa.

Na zile kanuni za 1965? Twende Awendo.

Ukitoka Rongo kuelekea Migori mjini utapita miwa hadi uchoke kuitazama. Kampuni ya Sukari ya South Nyanza, Sony, iliundwa 1976, miaka saba baada ya Mboya kufa. Wazo lilikuwa zuri: mkulima apande, kiwanda kinunue, watoto wasome. Lakini miwa huchukua karibu mwaka mmoja na nusu kukomaa. Haiwekwi ghalani kama mahindi. Kiwanda kikichelewa kuikata inakauka, na kikiikata bila kulipa, mkulima ameshatoa kila kitu na hana cha kushikilia.

Mwaka 1982, kamati ya serikali iliyoongozwa na Philip Ndegwa kuchunguza matumizi ilishaona kwamba mashirika ya umma yanakula pesa kuliko yanavyoleta. Hiyo ni 1982! Wazazi wetu walikuwa watoto. Tangu wakati huo wimbo ni ule ule kila uchaguzi: tutafufua viwanda, tutafuta madeni, mkulima atalipwa. Mumias ilimwagiwa mabilioni ya serikali, na bado mwaka 2019 ikaishia mikononi mwa mrasimu. Mwaka 2023 wabunge waliidhinisha kufutwa kwa madeni ya viwanda vya sukari vya serikali, zaidi ya shilingi bilioni 100. Mwaka 2025, Sony na vingine vitatu vikakodishwa kwa kampuni za kibinafsi kwa miaka 30.

Sisemi kukodisha ni kubaya. Huenda kukafaa. Nataka tu uone mtindo wenyewe. Kiwanda kinakopa, serikali inasimama mdhamini. Pesa zinapotea na wakurugenzi wanabadilishwa. Deni linafutwa. Lakini deni halifutiki kama ubao, linahamia kwako. Tangu 2025 sukari inatozwa tena ushuru wa asilimia 4, kwa hivyo hata kijiko unachotia kwenye chai yako pale kibandani kina mchango wake. Huku mkulima, ambaye alikidai kiwanda pesa za miwa, alibaki kungoja kwenye foleni miaka na miaka. Mwenye deni kubwa anasamehewa haraka. Mwenye dai dogo anaambiwa avumilie.

Na ahadi za Julai 5, 2024? Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mpango wa kuunganisha mashirika 42 na kuvunja 25. Kuidhinisha ni karatasi, kuvunja ni kazi. Washauri wapya, badala ya kupungua, waliendelea kuteuliwa mwaka huo. Ukitaka kujua kama mtu anakaza mshipi, usisikilize hotuba yake. Tazama kama suruali inabana.

Najua utaniambia hata Mboya hangeweza. Pengine ni kweli. Alikufa kabla ahadi zake hazijapimwa, na mtu aliyekufa mapema ni rahisi kumpenda. Lakini aliacha kipimo kwenye karatasi, cheusi juu ya cheupe, na aliyekiweka alikuwa serikali yenyewe. Hatuhitaji kubuni kingine.

2027 inakaribia. Wanasiasa watakuja Homa Bay na Migori na magari marefu, watapita Rongo, Awendo na Mbita, wataahidi kufufua hiki na kunusuru kile. Wengine watataja jina la Mboya na watu watapiga makofi. Wewe inua mkono. Uliza pesa zitatoka wapi, nani atalipwa wa kwanza kati ya benki na mkulima, na kiwanda kikipata hasara tena nani atabeba. Akikosa jibu, umelipata jibu lako.

Na siku ukipata nauli, fika Rusinga. Kaburi la Mboya liko ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Ingia, utulie kidogo. Nje ziwa linaendelea na kazi zake, wavuvi wanapanga nyavu, boda boda wanangoja abiria. Ukirudi jijini na makanga akiita Tom Mboya, Tom Mboya, utageuka kama mtu aliyesikia akitajwa mtu wa kwao.